Barua Niliyomwandikia Meneja Kuhusu Mwalimu wa Kasia

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Maji, Ndugu Meneja wa bwawa letu, wakuu wa idara, wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu pamoja na familia zenu, na wewe Mwalimu wetu tunayekuaga leo, uliyekalishwa kiti cha mbele bila kupenda: habari za mchana.

Nimepewa dakika tano. Nitazitumia kukiri kosa, kwa hiyo Ndugu Meneja naomba usiitazame saa.

Wageni wetu huenda hawaijui kazi yetu. Sisi ndio tunaochota sampuli za maji mnayokunywa, na kwa kuwa injini inaacha mafuta majini, tunakwenda kwa kayaki, ile mitumbwi myembamba ya mtu mmoja, na kasia lenye bapa pande zote mbili. Nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Kumi na saba ya kwanza nilipiga kasia kwa nguvu za mikono tu, na nilijiona mwanamume kwelikweli. Bega la kulia likanijibu. Ilifika mahali mke wangu ndiye aliyekuwa akinivalisha shati asubuhi, mlango umefungwa, watoto wasione. Daktari akaniambia nikiendelea hivyo litachanika, na likichanika nisahau maji. Nilikuwa na miaka arobaini na sita. Ningeanza kazi gani nyingine mimi?

Mwalimu alikuwepo hapa tayari, akiwafundisha waajiriwa wapya. Sisi wakongwe hatukumwendea. Tulimwita Mama Kiuno, Mheshimiwa Mwenyekiti nisamehe, kwa sababu neno hilo lilikuwa halimtoki mdomoni: anza na kiuno, mikono itafuata. Meneja akaniamuru niende kwake. Siku ya kwanza alininyang'anya kasia, akanipa mpini wa ufagio, akanikalisha kwenye benchi la korido, mbele ya masjala, nigeuze kiwiliwili kulia na kushoto. Wiki mbili nzima! Makarani walinipita na mafaili, wakiiruka miguu yangu. Wakanibatiza Kapteni wa Ufagio, na jioni ile ile jina lilifika nyumbani kwangu, maana shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ni mchota sampuli mwenzangu, na mdomo wake hauna breki.

Nikamwandikia Meneja barua ya kurasa mbili, nikatia sahihi. Nilisema mama huyu anawadhalilisha watumishi wazima, hajui lolote zaidi ya kukalisha watu kwenye benchi, aondolewe. Meneja akampa aisome.

Kesho yake Mwalimu akaniita kwenye banda la kayaki. Nilikwenda nimejiandaa kugombana. Alikuwa ameishika ile barua, imekunjwa mara nne. Akasema, "Nimeisoma mara mbili. Kuhusu kasia umekosea. Kuhusu kukufundishia mbele za watu umesema kweli, nisamehe. Kesho njoo saa kumi na mbili asubuhi, kabla hawajafika."

Ndugu zangu, ni wakubwa wangapi wanaoweza kupokea barua kama ile, wakatafuta ndani yake ule mstari mmoja wa kweli?

Tukaanza upya, yeye kwenye kayaki yake, mimi kwenye yangu. Alinifundisha kugeuza kiwiliwili mpaka bega lije mbele. Kuzamisha bapa lote karibu na vidole vya miguu kabla ya kutia nguvu. Kusukuma kwa kisigino cha upande ule ule. Na kulitoa kasia likifika usawa wa nyonga, si nyuma zaidi. Mimi bado nikawa navuta kwa mikono. Akanisimamisha. "Unavuta maji," akasema. "Usiyavute. Lichomeke kasia lishike, halafu wewe ulipite." Maneno hayo aliyarudia labda mara mia, na hata siku moja hakupandisha sauti. Mwezi wa tatu wa mafunzo, asubuhi moja, kayaki ikateleza mbele na mikono yangu haijafanya lolote. Nikacheka peke yangu. Wiki ile nikatoka chumbani na shati nimelivaa mwenyewe, vifungo vyote. Mke wangu alikuwa akimimina chai; akasimama na birika mkononi, akanitazama tu.

Mwaka jana upepo ulitukuta mbali, kituo cha mwisho cha kuchota sampuli. Kayaki ya shemeji ikapinduka, kasia lake likachukuliwa na mawimbi. Nikamsaidia kupanda tena, nikaifunga kayaki yake kwa kamba nyuma ya yangu. Ufukwe ulikuwa kilomita mbili, na upepo unatupiga usoni. Kwa hofu nikaanza kuvuta kwa mikono kama zamani. Bega likauma, na tukarudi nyuma. Nikajilazimisha kutulia. Nikachomeka, nikasukuma kisigino, nikapita. Tena. Tena. Ilituchukua saa moja na nusu. Shemeji, mtu asiyejua kunyamaza, alisema neno moja tu njia nzima.

"Shemeji, tunasogea?"

Nikamwambia tunasogea.

Mwalimu alikuwa amesimama ndani ya maji, yamemfika kiunoni, akitungoja. Akaishika kayaki yangu, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Kushoto bado unachelewa kulitoa kasia." Kisha akatupa mgongo, akajifuta uso kwa mtandio. Mimi nikakaa kwenye tope, nikalia, na sikuona haya.

Leo asubuhi nilimkuta getini, nikamuuliza angependa niseme nini juu yake. Akafikiri kidogo, akasema nisimsifu, niwaambie wenye familia jambo moja tu. Basi, wake kwa waume mlioketi kule nyuma, ambao kwa miaka kumi na moja mmekuwa mkichungulia dirishani kila upepo unapovuma: katika muda wote wa Mwalimu huyu, kila aliyetoka kwenda majini alirudi kwenu. Hilo ndilo alilotaka mlisikie.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Mwalimu, pumzika sasa. Tupo wote.