Morfydd Prosser, Aliyefundisha Snuka Nyuma ya Mstari

Ndugu waombolezaji, mimi ni Mererid, binti wa marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, na tarehe zote mtakazosikia nimezihakiki katika vyeti na barua zake.

Mama yetu, Morfydd Prosser, alizaliwa tarehe 14 Machi 1936 katika kijiji hiki cha Cwmhelyg, Wales Kusini, akiwa mtoto wa pekee wa Ivor Beddoe, mtunzaji wa ukumbi wa biliadi, na mkewe Hannah. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, kisha sekondari ya wasichana hadi Julai 1951, na katika miaka hiyo, kila asubuhi kabla ukumbi haujafunguliwa, baba yake alimfundisha kuinama hadi kidevu kiguse fimbo ya kupigia mipira, na kuipitisha fimbo hiyo katika shingo ya chupa tupu mara mia bila kugusa kioo.

Septemba 1951 aliajiriwa katika kiwanda cha glavu, akafanya kazi huko hadi kilipofungwa mwaka 1989. Tarehe 5 Aprili 1958 alifunga ndoa na Gwilym Prosser, mchimba makaa ya mawe, katika kanisa hili la Bethania, wakajaliwa watoto wawili, kaka yangu Hywel mwaka 1960, na mimi mwaka 1963.

Ukumbi wa babu ulipofungwa, meza zilizobaki kijijini zilikuwa za klabu ya wachimbaji, na wengi wenu mnaukumbuka mstari mweupe uliochorwa sakafuni, mlangoni mwa chumba cha snuka, mchezo wa jamii ya biliadi, mstari ambao mwanamke hakuruhusiwa kuuvuka hata akiwa amebeba chai. Mama alisimama nyuma ya mstari huo kuanzia Oktoba 1971 hadi Juni 1994, akitazama mabega na kusikiliza mlio wa fimbo, kisha akimnong'oneza baba, "Gwil, kiwiko chake kinashuka kabla mpira haujaondoka, mwambie atulie kidogo fimbo ikiwa nyuma, halafu ndiyo apige," na baba, ambaye mwenyewe hakuweza kutia mipira miwili mfululizo katika matundu ya meza, alikuwa akiuvuka mstari na kuupeleka ujumbe. Wachezaji waliofunzwa hivyo walilichukua kombe la vilabu vya bonde letu mara tisa, na nahodha wao, Dilwyn Tudge, aliyekuwa akiinua kichwa kila apigapo, alizoezwa jikoni kwetu, juu ya meza ya kulia, majira yote ya baridi ya mwaka 1978, hadi kichwa kikatulia. Ubao wa heshima wa klabu, mahali pa mwalimu, umeandikwa G. Prosser kwa miaka yote ishirini na mitatu.

Baba hakuikubali heshima hiyo. Novemba 1994 alisimama mbele ya kamati akasema, "Jamani, mimi nilikuwa tarishi tu, mwalimu ni Morfydd, na nyote mnajua," mwenyekiti akamjibu kwamba asiwaharibie ubao kwa sababu ya mapenzi ya nyumbani, watu wakacheka. Baba alifariki tarehe 3 Machi 1996, ubao ukiwa vilevile. Mwaka 2007, mstari ulipofutwa, katibu wa klabu, Bwana Hopkin, ambaye namwona kwenye benchi la tatu, alimwalika mama apige mpira wa kwanza ili wampige picha, mama akamwambia, "Andikeni jina kwanza, Hopkin, picha haina haraka." Nakala za barua tatu ambazo mama aliiandikia klabu kuhusu jina hilo, mwaka 2007, 2011 na 2019, ninazo, na jibu lilikuwa lile lile mara zote, kwamba kumbukumbu za klabu hazibadilishwi.

Mwaka 2021 alianza kusumbuliwa na moyo, akalazwa mara nne, na Ijumaa tarehe 9 Februari 2024, saa tatu na dakika kumi asubuhi, akafariki, akiwa na umri wa miaka themanini na saba, miezi kumi na siku ishirini na sita.

Jana klabu ilileta shada la maua lenye maandishi, "Mke wa mwalimu wetu." Familia imelirudisha, Dilwyn mwenyewe ndiye aliyelibeba, na chai baada ya maziko itanywewa katika chumba cha nyuma cha kanisa hili, si klabuni. Maandishi ya jiwe la kaburi hayahitaji idhini ya kamati, nayo yamekwisha kuagizwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea mkate na supu bila kuombwa, wenzake wa kiwanda cha glavu, ambao sasa wamebaki wanne, na wachezaji sita waliolibeba jeneza lake leo.

Mwalimu Morfydd Prosser, ulale kwa amani.