Teodora Masalu: Kutoka Igoma Hadi Toronto

Wasikilizaji wapendwa, kutoka hapa Mwanza hadi Toronto, Kanada, ni kilomita elfu kumi na mbili hivi. Narudia: elfu kumi na mbili. Ndege ya moja kwa moja hakuna. Unashuka Dar es Salaam, unabadilisha Addis Ababa, na ukijumlisha kungoja njiani, safari inameza siku nzima na ushee. Bibi Teodora Masalu wa Igoma, muuza sato wa kukaanga kivukoni Kamanga, aliifanya safari hiyo akiwa na miaka sabini. Jumamosi tumemzika.

Bintiye, Hellen, alijifungulia huko. Katika ukoo wao, mtoto akishaletwa nyumbani hatolewi tena nje mpaka bibi mzaa mama amfute uso kwa maji ya ziwa na kumtamkia jina. Hellen akapiga simu: "Mama, tunakusubiri ndani. Ila wiki ijayo ana kliniki, lazima atoke."

Mdogo wake Teodora, Nestory, akamkataza waziwazi. "Dada, kilomita zote hizo, kwa magoti hayo?"

Teodora akaangua kicheko. "Kwani natembea? Kilomita ni za ndege. Mimi nakaa tu."

Kwenye uwanja wa ndege, begi kubwa lilikuwa limeshapita. Mkononi alibaki na kopo la maandazi na kidumu cha maji ya ziwa. Dada mkaguzi akakishika.

"Shikamoo bibi. Maji haya hayapandi."

"Marahaba, mwanangu. Na kanga mbichi?"

Dada akafikiri, akacheka. "Kanga haijakatazwa."

Basi bibi huyo akaenda kwenye sinki, akailowesha kanga yake kwa maji ya kidumu, akaikamua kidogo, akaishindilia ndani ya kopo na kufunga mfuniko. Maandazi akamwachia mkaguzi. Wasikilizaji, ziwa letu likapanda ndege!

Alifika Toronto magoti yamevimba, theluji imejaa mlangoni. Hakuomba hata kiti. Akafungua kopo: kanga ilikuwa bado mbichi. Akamfuta mjukuu wake uso, akatamka, "Kabula." Kisha akambeba mwenyewe na kutoka naye nje, kesho yake ndiyo siku ya kliniki. "Alipiga vigelegele," anasema Hellen, "mpaka majirani wakafungua madirisha kwenye baridi ile."

Kabula sasa ni binti wa miaka kumi na mmoja. Alikuja mazikoni kwa njia ileile, kilomita zilezile. Kabla ya kufika nyumbani aliomba apitishwe ziwani. Akachovya kanga ileile, na jeneza lilipokuwa halijafungwa, akamfuta bibi yake uso.

Hellen, Mzee Nestory na ukoo wote wa Masalu, poleni sana. Tunalia nanyi, na tunamjivunia pamoja nanyi. Nasi tuliobaki tujiulize: ni nani anatusubiri ndani, huku sisi tunahesabu kilomita?

Mzee Nestory alimuuliza yule binti kama safari imemchosha.

"Hapana, babu," Kabula akamjibu. "Kilomita ni za ndege. Mimi nilikaa tu."