Macho ya Shangazi Bong-im

Marehemu Tak Bong-im, shangazi yangu, alizaliwa Jecheon tarehe 9 Machi 1952, mtoto wa kwanza wa mzee Tak Sang-do. Alisoma mpaka sekondari, na mwaka 1970 akaajiriwa katika duka la mablanketi sokoni. Alikuwa mcheshi, wateja walimpenda.

Mwaka 1977 alichumbiwa. Mwaka huohuo tezi ya shingo ikamharibikia, macho yakamtoka. Mama wa mchumba alisema, "Hata mwanangu hajamwoa, tayari ananikodolea macho!" Uchumba ukafa. Mwenye duka naye akamhamishia chumba cha nyuma kushona pindo, ati anatisha wateja. Alikaa huko na cherehani yake mpaka alipostaafu. Hakuolewa, na upweke ule ulimuuma sana.

Mwaka 2015 nilimpeleka Seoul kwa Daktari Ban. Alitueleza kwamba kinga ya mwili ilikosea adui, na protini zinazopeleka habari kati ya seli zikachochea mafuta na misuli nyuma ya macho, vikavimba.

"Kumbe hata mwili wangu ulinisengenya!" shangazi akasema. "Nasikia kuna dawa ya kuziziba midomo hizo protini."

"Ipo, Mama, lakini inafaa ugonjwa ukiwa mbichi. Kwako zilishanyamaza zamani. Limebaki kovu."

Alipasuliwa, macho yakarudi kidogo tu. Madaktari walipomwomba yale mafuta waliyoyatoa, kwa utafiti, alicheka. "Chukueni. Angalau hayo yatapata wa kuyatazama."

Oktoba iliyopita alikwenda mwenyewe studio kupiga picha ya kuwekwa kwenye msiba wake, kama wazee wetu wafanyavyo. Mpiga picha, kwa huruma, akayapunguza macho kwa kompyuta.

"Haya, mwanangu, huyu mrembo ni nani?" shangazi akamuuliza. "Mkimlilia huyu, mimi nitaliliwa na nani?"

Akachapiwa ya kweli, zote mbili zikabaki nyumbani.

Alifariki kwa nimonia tarehe 14 Januari 2024. Jana baba yangu aliweka hapa ile ya mrembo, wageni wasishtuke. Asubuhi hii nimeitoa, nikaweka ya kweli. Baba, unisamehe, lakini siirudishi.

Ameacha mdogo wake, Tak Jun-pyo, ambaye ni baba yangu, na mimi, So-dam. Basi, hana mwingine. Nanyi mliokuwa mkipishana naye sokoni mkiangalia chini, leo inueni nyuso, mumtazame vizuri.

Pumzika salama, Shangazi. Tunakuona.