Mama Ayebanua na Glasi ya Maji ya Mto

Marehemu Mama Ayebanua Egberi alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, kijijini Okoloama, jimbo la Bayelsa, ndani ya mtumbwi, maana hakungoja mama yake afike kwa mkunga. Bibi yake alimwogesha papo hapo kwa maji ya mto. Kwetu, maji yanayompokea mtu ndiyo yanayomuaga.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita. Mwaka 1970 aliolewa na marehemu Inatimi, mvuvi, aliyependa kulalamika, "Nimeoa redio isiyozimika." Mama alikausha samaki na kuokota konokono wa mikokoni, akasomesha watoto watatu.

Juni 2008 bomba la mafuta lilipasuka. Mto ukawa mweusi, mikoko ikafa. Miezi michache baadaye mkurugenzi wa kampuni alikuja na wapiga picha kutangaza kwamba maji yamekwishasafishwa. Kwetu mgeni hasemi kabla ya kunywa maji ya mwenyeji; asipokunywa, huhesabiwa hajafika. Mama akachota glasi mtoni, watu wote wakiona.

"Karibu, mwanangu. Kunywa, ndipo useme."

"Asante, Mama. Nimekunywa kwenye boti."

"Ya boti ni yako. Haya ndiyo unayosema ni safi."

Mkurugenzi aliitazama glasi, kisha akakunjua hotuba.

"Ikunje, baba. Bado hujafika. Ukifika tutakusikiliza."

Watu walicheka, wakatawanyika, wakamwacha akiwasomea wapiga picha. Picha ya mkurugenzi mbele ya glasi asiyoinywa ilitoka magazetini, nchi nzima ikamshutumu, hata akaachia kiti. Aliyemrithi hakukanyaga Okoloama.

Kila aliyemsifu kwa siku ile, Mama alimjibu, "Nilipata aibu yake. Maji sikupata." Kisha alirudi mtoni na ndoo, kwa kuwa hakukuwa na kwingine, akanywa yale yale aliyoyakataa mgeni.

Mwaka 2019 figo zilianza kumsumbua. Alilazwa hospitalini mjini Yenagoa, akihudumiwa na bintiye Layefa.

"Nikifa, mnioshe kwa maji ya mto," alimwambia.

"Mama, bado yananuka mafuta."

"Basi ningojeni kidogo. Huenda yakatakata."

Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Februari 2022. Tulingoja wiki mbili. Jana Layefa alimwosha kwa maji ya chupa kutoka mjini, akimwomba radhi kila alipofungua nyingine.

Ameacha watoto watatu, Layefa, Ebikapade na Tamaraebi, wajukuu saba, na mto ambao haukuweza kumuaga.

Apumzike kwa amani, na huko alikofika apokewe kwa maji ya kunywa.