Lota ya Fundi Siraj

Benchi letu lina mguu mmoja mfupi. Wa pembeni akiinuka, sote tuliobaki tunateleza upande mmoja. Liko mbele ya karakana ya Fundi Siraj, mtaa wa wafua vyombo hapa Gujranwala, Pakistan. Siku hiyo mheshimiwa wetu alikuwa amehama chama mara ya tatu, na mji mzima ukamwita lota. Kwetu kigeugeu wa siasa jina lake ndilo hilo, lota, birika la shaba la kutawadhia. Tulicheka hadi chai ikatupalia. Fundi Siraj peke yake hakucheka. Asubuhi wakwe wa binti mmoja walikuwa wamemtumia ujumbe kwamba vyombo vyote vya bibi harusi viletwe, ila lota isiwemo, ni tusi.

— Miaka thelathini nafua lota! Leo chombo changu kimekuwa tusi. Kosa lake nini?

— Haina kitako, bwana, alisema Redio, mstaafu wa posta. Inabingirika kokote.

— Lota yangu haina kitako? Redio, una wazimu?

— Ni mdomo, akadakia Daktari, kinyozi wetu. Inamwinamia yeyote aliyeishika.

— Hapana, nikasema mimi. Ni kwa vile msikitini inapita mkono hadi mkono.

— Nyie hamjui kitu! akasema Redio. Zamani waziri mmoja alijificha ndani ya lota siku ya kura bungeni!

— Waziri mzima?

— Alikuwa bado hajanenepa. Ndio kwanza ameapishwa!

Tukaangua kicheko. Hapo akafika Bibi Zubaida, mama wa bibi harusi mwenyewe, akatusikiliza kidogo.

— Asalaam aleikum. Huyo mheshimiwa, kwenye chama cha kwanza mlimpa kura?

— Tulimpa, dada, tukajibu.

— Na cha pili?

Daktari akachungulia kikombe chake.

— Tulimpa.

— Na mwakani, kwenye hiki cha tatu?

Redio akainuka ghafla, eti anafuata sukari. Benchi likainama, mimi na Daktari tukateleza mpaka chini, chai mapajani.

Bibi Zubaida akachukua lota rafuni, akaiweka juu ya benchi lile lililoinama. Haikusogea hata kidogo.

— Fundi, nifungie mbili, akasema. Moja ya binti yangu, moja ya wakwe.

Fundi Siraj alicheka mpaka akafuta machozi kwa aproni. Akaagiza chai ya watu wote, hata sisi tuliokuwa bado chini.