Historia ya Baba Yetu, Fundi Inatoka, na Barua Zilizokwama

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake, na nyinyi wengi mliowahi kugombezwa na marehemu na bado mmekuja kumsindikiza, poleni sana. Mama yetu ameagiza historia hii isomwe polepole na asigombezwe mtu, la kwanza litatimizwa, la pili tunamwomba radhi mapema.

Baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi baiskeli na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, na bibi yetu alikuwa akisema kwamba alitoka tumboni amekunja uso, kama mtu aliyecheleweshwa. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akaendelea na sekondari hadi 1979, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, akahitimu ufundi wa simu mwezi Novemba 1982. Mwaka uliofuata aliajiriwa na kampuni ya simu, akapanda nguzo na kuunganisha nyaya hadi tarehe 30 Juni 1998, kampuni ilipopunguza wafanyakazi, na badala ya kukaa nyumbani akilia alikodi chumba pembeni ya kituo cha mafuta, akaweka meza mbili na feni yenye kelele nyingi kuliko upepo, akaanza kutengeneza barua pepe za maofisi.

Hapo ndipo alipopata jina la Fundi Inatoka. Wateja walikuja na anwani tatu za kampuni tatu ndani ya programu moja ya barua, wakidhani zote zinapita mlango mmoja, wakaanza kumweleza jinsi barua zinavyoingia vizuri, naye akawakatiza: "Sijauliza kama inaingia. Inatoka?" Alikuwa akifafanua, kwa sauti iliyofika hadi kwenye pampu za mafuta, kwamba barua inayoingia ni mgeni wako, anakuja mwenyewe, lakini inayotoka ni mtu aliyebeba mzigo getini, lazima mlinzi amjue, na kila kampuni ina geti lake, yaani seva yake ya kutuma, na namba yake, na neno lake la siri, kwa hiyo ukihama kampuni ukang'ang'ania geti la zamani utarudishwa, na ni halali yako. Alisisitiza kwamba ubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati, kisha ujaribu kwa kumtumia mtu wa nje, si mwenzako wa meza ya pili, kwa sababu mlinzi hana shida na anayezunguka ndani ya ua. Mkuu wa shule mmoja, aliyekiri kwamba amegusa kila kitu kidogo kidogo, alitolewa nje na kompyuta yake mikononi, akaambiwa arudi akishakumbuka alichogusa. Alirudi, na leo amekaa safu ya tatu.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na mama yetu, mwalimu wa darasa la kwanza, binadamu pekee aliyeweza kumwambia anyamaze akanyamaza, wakajaliwa watoto wanne, mabinti watatu na kitindamimba wa kiume, na wajukuu watano, ambao wote waliruhusiwa kumpanda mgongoni hata akiwa amenuna.

Mwezi Januari mwaka huu baba alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, akalazwa katika hospitali yetu, na tarehe 6 Februari daktari akagundua kwamba moyo wake unahitaji upasuaji wa haraka katika hospitali kubwa, akaandika barua ya kumwombea nafasi, karani akaituma kwa barua pepe, nasi tukaambiwa tusubiri. Tulisubiri. Kila tulipouliza tulijibiwa kwamba hospitali kubwa haijajibu, tukailaani hospitali kubwa kwa kila laana tuliyoijua, na ngoja ngoja huumiza matumbo, yetu yaliumia, na baba alizidi kuvimba. Mwishowe binti yake wa kwanza, anayesoma hapa mbele yenu, alipiga simu huko mwenyewe, akaambiwa kwa upole kwamba barua ya namna hiyo haijawahi kufika.

Alimrudia baba kitandani na kumweleza, naye, na pumzi ile ndogo, aliuliza neno moja tu, mnalijua.

Hospitali yetu ilikuwa imehama kampuni ya intaneti tangu mwanzo wa mwaka, lakini barua zao zilikuwa bado zinapelekwa kwenye geti la kampuni ya zamani, za ndani kwa ndani zikipita, za nje zikikataliwa, na kila zilipokataliwa kisanduku cha onyo kilitokea kwenye kioo, na karani akabonyeza "Sawa". Akabonyeza "Sawa" kwa barua ya baba yetu. Tulikasirika, ndugu zangu, na bado tumekasirika, hatutadanganya mbele ya jeneza.

Baba aliomba apigiwe simu karani. Karani alilia, akasema maonyo aliyaona, akajaribu kumtumia muuguzi wa meza ya pili ikafika, akajipa moyo, na kumwita fundi aliogopa, kwa sababu mwaka uliotangulia fundi huyo, Fundi Inatoka mwenyewe, alimfokea mbele ya wagonjwa na kumwambia asiguse wala asiulize chochote tena. Alitii. Baba alinyamaza bila kuambiwa na mama, na sisi watoto wake hatukuwahi kuliona hilo. Hasira hasara, husemwa, lakini hasara yake haikupi nafasi ya kuchagua itamwangukia nani.

Kisha akamwelekeza, akihema, hatua moja moja, seva mpya, namba mpya, pale pa kuthibitisha jina na neno la siri, akimfokea kama kawaida yake, ila safari hii alikuwa akifoka, "Gusa, mama, usiogope, gusa!" Barua ya majaribio ikaingia kwenye simu ya binti yake, mtu wa nje, na nyuma yake zikatoka zote zilizokwama, yake na za wagonjwa wengine. Jibu lake lilifika kesho yake, nafasi ipo, lakini madaktari walisema hawezi tena kusafirishwa, na tarehe 26 Machi alfajiri alifariki dunia, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kulala nasi, mafundi wenzake waliofunga vibanda vyao leo. Tunamshukuru muuza mboga wa sokoni, ambaye barua yake ilitoka mchana ule ule, akapasuliwa, na leo ametembea kwa miguu yake hadi hapa. Na wewe karani, uliyesimama nyuma kabisa karibu na mlango, hatujakusamehe bado, lakini baba alituamuru tukushukuru, na hatukuwahi kumshinda akiwa hai, kwa hiyo tunakushukuru, njoo ukae mbele na familia.

Baba, pumzika kwa amani. Inatoka.