Usimmalizie Neno

Basi lilikuwa limeshang'oa nanga pale msichana mwenye koti jeupe aliporuka ndani, akaketi kati yangu na mama aliyempakata binti yake. Alikuwa anahema. Alituambia anasomea kuwasaidia watoto wanaotatizika kusema, na asubuhi hiyo ana mtihani wa vitendo.

"Basi huyu wangu ndiye mtihani wenyewe," mama akacheka. "Neno moja linamchukua safari nzima."

Msichana akamwinamia mtoto. "Mdogo wangu, kitu gani hukipendi kabisa? Nitakusubiri mpaka umalize."

"Kuoga," mama akajibu.

"Nimemuuliza yeye, mama. Chuoni tunafundishwa kunyamaza mpaka mtoto amalize."

"Miaka yote hiyo mnafundishwa kunyamaza?"

Nililiona swali la haki. Mtoto alikuwa anahangaika na midomo. "Ku... ku..."

"Kuoga! Si nilikwambia?"

"Tusimmalizie, mama."

"Wa chuo, shukeni!" konda akapaza sauti. Msichana akainuka nusu, mkoba begani. Mtoto akamtazama. "Kuse..." Msichana akaketi tena.

"Wee binti, mtihani wako!"

"Nimemwahidi, mama."

Mlango ukafungwa, basi likaondoka. Sote tukamsubiri mtoto, hata konda, na hilo si jambo dogo. Tulipokuwa tunasimama kituo kilichofuata, mtoto akavuta pumzi.

"Kusemewa."

"Nani anayemsemea?" mama akamaka. "Hebu mwambieni, nani?"

Msichana alikuwa ameshashuka, anakimbia kurudi tulikotoka.